Si... Mama

Asubuhi ile haikuwa na neno. Jua lilikuwa limeshapanda ukutani, nguo ziko kwenye kamba, na Kitinda alikuwa uani akimwogesha mama yake kama alivyofanya kila siku tangu kiharusi kilipomwangusha. Mtaa mzima ulimwita Kitinda kwa kuwa alikuwa kitinda mimba. Hata mwalimu wake alimwita hivyo, mpaka siku binti huyo alipofungia madaftari yake kabatini ili abaki nyumbani na mgonjwa.

Alimmwagia maji ya uvuguvugu kuanzia utosini. Maji yakateremka shingoni, yakafika mabegani, yakasimama.

Mabega ya mama ndivyo yalivyokuwa. Kila bega lilikuwa na shimo, kama mahali ambapo kitu kizito kimekanyaga miaka mingi bila kuhama. Ngozi ya ndani ya mashimo hayo ilikuwa laini na inang'aa, kama saruji ya kizingitini inavyong'arishwa na nyayo. Daktari aliwahi kuuliza kama mama alikuwa mchukuzi ujanani. Mama, enzi hizo bado ana ulimi wake, akacheka. "Mpaka leo nabeba, daktari," alisema, na asiseme zaidi.

Kitinda akayakausha kwa ncha ya taulo. La kushoto, kisha la kulia.

Mama alikuwa mganga wa kupunga pepo. Katika kazi yao, mtu anayepandwa na pepo huitwa kiti, kwa sababu pepo humkalia. Mama alikuwa kiti cha pepo mmoja tu, na hakuwahi kumtaja kwa jina. Alimwita Mgeni. Mgeni alimpanda akiwa msichana hata hajaolewa. Wagonjwa walikuja, ngoma ikapigwa, Mgeni akasema kwa kinywa cha mama nani anaumwa nini na kwa nini. Wagonjwa wakapona, wakaenda zao. Mgeni hakwenda popote.

Ndiyo maana nyumba ile haikuwa na kiti hata kimoja, cha mbao wala cha plastiki. Walikaa mikekani. Fundi cherehani, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, alizoea kuwatania. "Nyie kila siku mko msibani? Niwaletee walau kigoda?"

"Kigoda chako kikalie mwenyewe, fundi," mama alimjibu. "Humu ndani kiti tayari kipo."

Lakini Kitinda aliambiwa ukweli wote, wiki chache kabla ya kiharusi, siku waliyokuwa wakichambua mchele pamoja.

"Mimi nikifa, Mgeni atashuka," mama alisema, macho yake kwenye ungo. "Atatafuta pa kukaa palepale. Akimwona mtu ameketi, humtamani kama mtoto anavyotamani kupakatwa. Asipopata, atarudi alikotoka na mambo yataisha. Kwa hiyo siku hiyo, mwanangu, kila aliyemo chumbani asimame. Usilie kwanza. Simama."

"Nitajuaje kama anashuka?"

"Miguu yangu itakuambia."

Kisha kiharusi kikaja. Kikachukua upande wote wa kulia, mkono na mguu, kikachukua na maneno yote. Kikaacha neno moja tu, nalo kimelivunja. Mama alikuwa akilianza, pumzi ikakata, akalimalizia.

"Si... mama."

Kitinda alielewa. Kila aliposikia neno hilo aliinuka, hata kama tonge lilikuwa mkononi. Mama akiona binti yake amesimama, jicho lake zima lilitulia.

Asubuhi hiyo, kabla hajamaliza kumvisha mama kanga, gari lilisimama nje na mlango ukafunguliwa bila hodi. Alikuwa dada yake.

Dada alikuwa msanii mwenye jina. Alipokuwa anasoma aliwaambia wenzake kwamba mama yao anauza mboga, maana aliona haya kusema kwao hupigwa ngoma za pepo. Alipoondoka, Kitinda hakumwona tena, hata mama alipoanguka. Lakini mambo yalikuwa yamegeuka. Siku hizi katika majumba ya sanaa kilichotafutwa kwa udi na uvumba ni waganga: vibuyu vyao, vitambaa vyao vyekundu, kutetemeka kwao. Wenzake Dada walikodi waganga wa kujifunzia. Yeye alikuwa na wake, aliyemzaa.

Alikuja na mwanamke mwembamba aliyevaa miwani mikubwa ya rangi ya damu, msimamizi wa maonyesho katika jumba moja la sanaa. Kitinda moyoni akamwita Miwani.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo? Huyu ndiye mama." Sentensi ya mwisho alimwambia Miwani, kama mtu anayeonyesha chumba cha kupanga.

Miwani alichuchumaa, akapiga picha vidole vya miguu ya mama, kisha mashimo ya mabega. Alikawia kwenye mashimo yale muda mrefu. "Mganga ndiye msanii wa kwanza," alisema taratibu. "Kabla ya turubai, kabla ya sanamu, kulikuwa na mtu mmoja anatetemeka mbele ya wenzake. Sisi wote tunamwiga huyo. Tazama anavyotetemeka!"

"Anasikia baridi," Kitinda alisema. "Ameoga sasa hivi. Naomba unipishe nimfunike."

Mama alimtazama binti yake mkubwa kwa jicho lake zima. Mdomo ukahangaika.

"Si... mama."

Kitinda alisimama wima. Dada na Miwani, waliokuwa wameshakaa ukingoni mwa kibaraza, walibaki hivyo hivyo.

"Amesema nini?"

"Anasema simama, dada. Anataka msimame." Na kwa sauti ya chini akamweleza yote: Mgeni, kushuka, kuketi.

Dada alimsikiliza mpaka mwisho, huku akitabasamu. "Hapana. Hukusikia vizuri. Si. Mama. Sikiliza hiyo pumzi ya katikati. Anatuambia anayesema humo ndani si mama tena."

Miwani alifumba macho kama mtu aliyeonja kitu. "Hilo ndilo jina la onyesho."

"Ni neno moja," Kitinda alisema. "Ni simama tu."

"Wewe shule uliishia njiani, mdogo wangu," Dada akamwambia, na kumpapasa shavu. "Mambo ya tafsiri tuachie sisi."

Alimweleza alichotaka. Mama angekaa mbele ya watu jioni moja tu, wamtazame. Kitinda akakataa. Ndipo Dada alipomvuta kando, karibu na pipa la maji, akamnong'oneza, "Nina daktari bingwa wa kiharusi. Ananijua. Onyesho likiisha, mama anakwenda moja kwa moja kwake. Wewe unataka apone au unataka tu kuendelea kumwogesha?"

Kitinda aliingia ndani kufungasha kanga za mama. Dada alikuwa mkubwa, na mama alikuwa wa wote wawili. Wakamwingiza garini na kumfunga mkanda. Njia nzima mama alisema neno lake, na Kitinda, ndani ya gari lile, hakuweza kusimama.

Jumba la sanaa lilikuwa na kuta nyeupe na sakafu iliyong'aa. Kwenye chumba cha nyuma walimnyoa mama nywele. Wakampaka chokaa usoni na mafuta mabegani, ili mashimo yamemete kwenye taa. Kitinda alishika kitambaa chake tayari, maana mate yalikuwa yakimtoka mama upande uliokufa.

"Usimfute," Miwani alisema. "Mate yanasema."

Kisha wakaleta kiti.

Dada alikiunda kwa mikono yake. Miguu yake ilikuwa ya mbao za kitanda alichozalia mama, kilichokuwa kimetupwa stoo. Pa kukalia palikuwa pamewambwa ngozi. Kitinda aliitambua ngozi ile kwa kiraka chake. Ilikuwa ya ngoma ya mama, ileile aliyokuwa akimwitia Mgeni.

"Dada," alisema, "hii ngoma uliitoa lini nyumbani?"

"Niliingia mwezi uliopita, ulipokuwa sokoni. Nishikie huku."

Wakamkalisha mama. Wakamfunga kiunoni kwa kitambaa chekundu ili asianguke. Jicho lake zima lilizunguka chumba kizima mpaka likampata Kitinda, likabaki hapo.

Ukumbini viti vilikuwa vimepangwa duara, safu kwa safu, kumzunguka mama. Kimoja kilibaki kitupu karibu na ukuta, kwa ajili ya Dada. Watu waliingia wamependeza, wananukia, wanacheka kwa sauti za chini. Dada alisimama mlangoni akiwapokea mmoja mmoja.

"Karibuni viti. Karibuni viti."

Walikaa. Taa za pembeni zikazimwa, ikabaki moja juu ya mama. Kwa muda hakikutokea kitu, na hicho nacho watu walikitazama kwa heshima. Bibi mmoja aliinama kwa mwenzake. "Ni mganga wa kweli au mwigizaji?"

"Wa kweli. Tazama mabega."

"Si... mama," mama alisema.

Ukumbi ukahema. Kijana mmoja akatoa simu kurekodi.

"Si... mama. Si... mama."

Kitinda alikuwa amesimama ukutani, kucha zake ndani ya viganja vyake. Alikuwa akitazama miguu. Wa kushoto, mzima, ulitulia. Wa kulia ulikuwa mfu. Kitinda aliujua ule mguu kuliko alivyojua wake mwenyewe. Aliuosha, aliukanda, aliubeba kama kuni.

Kidole gumba cha mguu wa kulia kikainuka.

Kikashuka. Kikainuka tena. Kisha vidole vyote. Kisha unyayo mzima ukaanza kupapasa sakafu, polepole, kama wa mtu anayeshuka ngazi gizani na kutafuta kidato cha mwisho.

"Simameni!" Kitinda alipiga kelele. "Simameni wote! Anakufa!"

Watu wakageuka. Wengine wakatabasamu. "Na huyo naye yumo?" mtu aliuliza. Mwanamume mmoja akainuka nusu, akamwona Dada anatikisa kichwa, akakaa tena kwa aibu.

Dada alimfikia haraka. Hakupaza sauti. "Nyamaza."

"Dada, mguu. Tazama mguu wake."

"Nimeuona." Macho ya Dada yalikuwa yanang'aa. "Wote wameuona. Mwache."

"Anakufa, dada!"

"Basi mwache afe vizuri."

Kitinda akaruka kwenda kwa mama. Dada akamdaka nguo, mlinzi naye akaja. Lilikuwa jitu la mtu, mikono kama makasia. Akamshika mabega yote mawili kwa nyuma, akamrudisha ukutani, akamsukumia kwenye kile kiti kitupu.

"Kaa," Dada alisema. "Usiniharibie."

Alijaribu kuinuka. Mlinzi akakandamiza. Alijaribu tena.

Mashimo ya mama yalikuwa yanajaa. Ngozi ilipanda kidogo kidogo kama unga ulioumuka. Mafuta yakamwagika, yakachirizika kifuani. Mguu wa kulia ulikuwa umekanyaga sakafu sasa. Umekanyaga sawasawa.

Mama akainua uso. Akamwona mtoto wake. Akaona amekaa.

Mdomo uliokuwa umepinda ukanyooka.

"Simama, Kitinda," alisema.

Neno lilikuwa zima. Halikuwa na pumzi katikati.

Kichwa kikaanguka.

Kisha mtu mmoja akapiga kofi. Mwingine akamfuata. Kijana wa simu akaruka akisema, "Aisee!" Bibi yule akainuka huku machozi yanamtoka. Safu ya mbele ikainuka, ya nyuma ikainuka, ukumbi mzima ukasimama kwa miguu yake ukipiga makofi mpaka kuta zikavuma. Dada alisimama. Miwani alisimama. Hakubaki aliyeketi.

Alibaki mmoja.

"Niachie," Kitinda alimwambia mlinzi. "Tafadhali. Niachie nisimame."

Mikono iliendelea kukandamiza mabega yake. Mizito. Na baridi.

Akainua macho kumtazama mlinzi usoni. Hakumkuta. Akamtafuta. Mlinzi alikuwa kule mlangoni, upande wa pili wa ukumbi.

Alikuwa anapiga makofi. Kwa mikono yote miwili.

Wanawake waliouosha mwili wa mama walitoka wakitazamana. "Ana mabega kama ya mwali," mmoja alisema. "Yale mashimo yamekwenda wapi?" Walimuuliza Kitinda. Alikuwa amesimama mlangoni, na siku zote za msiba hakuonekana amekaa. Alikuwa ameanza kuogopa kufungua mdomo.

Maana alikuwa akimsikia Mgeni. Hakuwa na maneno bado. Alikuwa anajiweka tu sawa, huku na huku, kama mtu anayezoea godoro jipya. Kitinda akikohoa, alingoja. Kitinda akilala, aliegemea.

Onyesho lilisifiwa kila mahali. Dada aliulizwa kuhusu waganga na sanaa ya leo mpaka sauti ikamkauka. Alisema msanii wa kweli lazima akubali kupandwa. Alisema kifo cha mama kilikuwa zawadi. Mialiko ikaja ya kulirudia katika majumba mengine, na katika kila jumba walitaka kiti kiwe na mtu.

Siku moja mchana alikuja nyumbani akamkuta Kitinda uani, karibu na lile pipa.

"Utakaa wewe," alisema. "Una sura ya mama. Chokaa kidogo tu."

Kitinda alitaka kumwambia mengi. Kwamba yule daktari bingwa hakuwahi kupigiwa hata simu. Kwamba kitambaa chekundu kilimwachia mama alama kiunoni. Lakini Dada alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, ameketi vizuri, miguu imepandana, na juu ya mabega ya Kitinda kitu kikainama mbele kumtazama. Pamoja na yote, huyu alikuwa ndugu yake. Akakusanya nguvu zote alizokuwa nazo ili amwonye.

"Si..." Pumzi ikakata. Ulimi ukawa kama umekaliwa. "...mama."

Dada alipiga makofi, akacheka kwa furaha. "Umeipata! Umeipata mpaka pumzi ya katikati!"

Fundi cherehani ndiye aliyeitwa kumshonea nguo ya kukalia. Alimpima akiwa amesimama, kwa kuwa alikataa kigoda. Fundi aliweka chaki yake begani kwa Kitinda ili afunue utepe. Alipoigeukia, alitegemea kuikuta chini. Ilikuwa palepale, imelala ndani ya kishimo.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ndogo, "umebeba nini?"

Kitinda alimtazama. Mdomo wake uliguswa na kicheko ambacho hakikuwa chake.

Fundi alishona pamba mbili nene kwenye mabega ya gauni ili kuficha. Baada ya kila onyesho Dada humrudishia gauni abadilishe pamba, kwa sababu hurudi zimebonyea kama karatasi. Fundi hajazitupa hata moja. Amezipanga kwenye sanduku chini ya cherehani, na ukimwomba kwa upole atakufungulia. Kila pamba ina alama ya kisigino cha mtu mzima, chenye nyufa, na mbele yake mwanzo wa unyayo. Ni nyayo za mtu aliyechuchumaa akitazama mbele, kwa watazamaji.

Za onyesho la mwisho amezifunga kando. Dada hukaa kulia kwa Kitinda, safu ya mbele, siku zote.

Nyayo zile hazitazami mbele. Zote mbili zimegeuka kulia.